Filamu ya Maneno Matupu

Ukitaka kutengeneza filamu na mfuko umetoboka, kuna kitu kimoja tu ambacho hakikodishwi, nacho ni maneno. Farasi wanakodishwa. Mvua ya bandia ina bei yake. Gari la kulipua litakugharimu bei ya gari zima, na ukishalilipua mwenyewe hatalipokea tena. Lakini watu wawili wakiketi mezani wakaongea, gharama ni meza, viti viwili, na watu wawili wasio na haraka ya kwenda popote. Mimi watu wa namna hiyo nilikuwa nao.

Ushahidi nilikuwa nao pia. Kila aliyenicheka nilimtolea mwongozaji Louis Malle na filamu yake My Dinner with Andre ya 1981: wanaume wawili wanaofahamiana siku nyingi wanakula chakula cha jioni na kuzungumza kwa karibu saa mbili, basi. Hakuna anayekimbizwa, hakuna anayekufa, na hata mgahawa unaouona haukuwa mgahawa, ulitengenezwa ndani ya hoteli iliyokuwa imefungwa huko Richmond, Virginia. Akiendelea kucheka nilimtolea Kevin Smith na Clerks ya 1994, iliyopigwa kwa dola 27,575, bila rangi, ndani ya duka alilokuwa ameajiriwa. Mchana anauza, usiku anapiga filamu. Na kwa kuwa hadithi yenyewe ni ya mchana na giza la nje lingemuumbua, akaandika ndani ya hadithi kwamba mtu ameziba makufuli ya vizuizi vya madirisha kwa chingamu, kwa hiyo havifunguki. Asiposhawishika hapo nilimmalizia na Sean Baker, ambaye Tangerine yake ya 2015, ya marafiki wawili wanaozunguka mitaa ya Los Angeles, ilipigwa kwa simu. Simu!

Sikuona haja ya kutaja kwamba Malle alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kwa robo karne. Wala kwamba wale wawili wa mezani, Wallace Shawn na Andre Gregory, walirekodi maongezi yao wenyewe kwa miezi kadhaa kabla Shawn hajayageuza kuwa muswada, na kwamba kila neno unalodhani limewaponyoka lilikuwa limekaririwa. Ushahidi ukizidi unachosha.

Muswada wangu ulikuwa na kurasa 96. Watu wa filamu huhesabu ukurasa mmoja kuwa dakika moja ya kutazama, kwa hiyo filamu kamili ilikuwepo, tena ya marafiki wawili wanaokesha katika chumba kimoja usiku wa mwisho kabla mmoja wao hajahama. Wanakumbushana, wanacheka, wanafukua jambo la zamani, wanagombana, wanasameheana alfajiri. Hakuna anayetoka nje. Nje ni ghali: kuna jua linalosogea, kuna mbwa, na kuna watu wanaoitazama kamera na kuipungia mkono.

Wahusika sikuwapa majina. Niliwaita Rafiki wa Kwanza na Rafiki wa Pili, ili kila mtazamaji aone kwamba angeweza kuwa yeye. Niliona ni jambo zito. Uzito wake niliujua vizuri siku ya kugawa nafasi.

“Kwa nini mimi ndiye wa Pili?”

“Ni namba tu, kaka. Haina maana yoyote.”

“Kama haina maana, mpe yeye.”

“Mimi nimeshazoea,” akasema wa Kwanza, ambaye muswada ulikuwa haujapoa mkononi mwake.

Hawa wawili walikuwa marafiki wa kweli, wa tangu utotoni, wa kuvaliana mashati mpaka wakasahau lipi ni la nani, na ndiyo sababu niliwachukua. Nilidhani watu ambao tayari ni marafiki hawahitaji kuuigiza urafiki. Sikujua kwamba marafiki wa kweli hawakubaliani katika jambo lolote, na kwamba wamedumu pamoja miaka yote hiyo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapelekea muswada.

Nikawatafutia suluhisho la Hollywood. Mwaka 1974 filamu ya The Towering Inferno ilikuwa na nyota wawili, Steve McQueen na Paul Newman, na hakuna aliyekuwa tayari jina lake lifuate la mwenzake. Bango likachorwa hivi: jina la McQueen likakaa kushoto lakini chini kidogo, la Newman likakaa kulia lakini juu kidogo. Anayesoma kutoka kushoto anaanza na McQueen, anayesoma kutoka juu anaanza na Newman, amani ikapatikana. Nikauchapa upya ukurasa wangu wa mbele kwa mtindo huohuo na kuwawekea mezani. Waliutazama kimya kwa muda, nikadhani nimeshinda. Kisha wa Pili akaomba rula.

Mwishowe tuliafikiana kwamba wa Pili ndiye atakayelia. Muswadani analia mmoja tu, na kila mwigizaji anajua kuwa anayelia ndiye anayekumbukwa. Wa Kwanza hakupenda, ila namba yake alibaki nayo.

Mwenye kamera alikuja pamoja na kamera yake, kwa sharti kwamba hakuna mkono mwingine utakaoigusa. Kwenye tundu la maikrofoni la kamera hiyo kulichomekwa kiplagi cheusi ambacho waya wake ulikatika zamani. Nacho kisiguswe, alisema, kwa maana alikikuta hapo siku aliyoinunua na kamera haijawahi kumsumbua.

Sauti ilikuwa chini ya binamu yangu. Katika filamu ya mazungumzo, mtu wa sauti ndiye roho ya kazi. Picha ikiwa na ukungu watu watasema ni sanaa. Sauti ikiwa na ukungu watu watatafuta mlango. Binamu alilijua hilo na hakutupa nafasi ya kulisahau. Alizima feni. Alitoa betri kwenye saa ya ukutani. Alituvua viatu. Alituzungukia mmoja mmoja akitusikiliza, kisha akamwambia mwenye kamera kuanzia sasa apumue kwa mdomo.

Friji nayo aliizima, kwa kuwa mngurumo wake masikio yetu yameuzoea lakini maikrofoni haizoei kitu. Hapo akafanya jambo ambalo mafundi wa sauti hulifanya kweli: ukizima friji ya watu, weka funguo za gari lako ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Ni ujanja mzuri sana. Tatizo ni kwamba binamu hana gari. Akaweka funguo za mwenye kamera, na hakuona kama ni habari ya kumpa.

Kinasa sauti chenyewe kilikuwa kidogo, cha kuazima, chenye kitufe kimoja chekundu na kitaa pembeni. Kila nilipoita “Sauti!” binamu alibonyeza, akatazama kitaa kinavyopepesa, akashikilia vipokea sauti masikioni kwa vidole viwili na kujibu kwa sauti ya rubani, “Inakwenda!” Nilipoita “Kata!” alibonyeza tena, kitaa kikatulia. Niliwahi kumuuliza kwa nini kinapepesa.

“Kinachopepesa kinafanya kazi,” alinijibu. “Kilichotulia kimelala.”

Sikuona la kubishia. Halafu ni binamu. Binamu hafukuzwi kazi, hasa asiyelipwa.

Upigaji wenyewe sitausimulia sana. Ulikwenda vizuri, na mambo yaliyokwenda vizuri hayana utamu. Kila tukio lilirudiwa kwa pande zote, kwanza wote wawili wakionekana, kisha kamera ikiwa nyuma ya bega la huyu, kisha nyuma ya bega la yule, kwa hiyo kila ugomvi uligombwa mpaka ukachakaa. Wa Kwanza alikuwa na kipaji cha pekee: hata kamera ikiwa mgongoni kwake, aliendelea kuigiza kwa shingo. Usiku ukishakuwa mkubwa waliacha muswada wakaanza kujitungia, nami nikawaachia. Nilijisikia mwongozaji mkarimu.

Kisha likaja tukio la kulia. Kamera ilikuwa usoni pa wa Pili. Chozi lilichungulia jicho la kulia, likasita, likateremka, ndipo likaja la kushoto. Sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo kwa macho yangu. Nilimkumbatia. Mwenye kamera alisahau akapumua kwa pua, na binamu hakumkemea.

Mwisho kabisa binamu alitusimamisha wote tuli, bila kukohoa wala kubadili mguu, kwa nusu dakika, ili anase ukimya wa chumba. Hili nalo si mzaha. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri huuhitaji kuziba nyufa zinazobaki kati ya sentensi na sentensi. Tulisimama. Ulikuwa ukimya wa hali ya juu.

“Umesikiliza ulichonasa?” nikamuuliza wakati tunafungasha.

Akasogeza mbele, akasogeza nyuma, akatega sikio kidogo, akatabasamu. “Sauti zipo. Safi kabisa. Mpaka pumzi.”

Na kwa kweli zilikuwepo.

Picha na sauti zikichukuliwa kwa vyombo viwili tofauti, huunganishwa kwa mlio. Ndiyo kazi ya kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera. Unaitafuta picha ambayo mbao zimekutana, moja kati ya picha 24 za sekunde ile, unautafuta mlio wake, unavilaza pamoja, na kuanzia hapo midomo na maneno vinafuatana. Kibao hatukuwa nacho, binamu alipiga kofi. Nikafungua picha: binamu anapiga kofi, vizuri tu. Nikafungua sauti na kusubiri kofi.

Sauti ikaanza na mimi. “Vizuri sana! Jamani, vizuri sana! Tena, kutoka mwanzo.”

Viti vikakwaruza. Kisha wa Kwanza: “Kama ni vizuri sana, tena ya nini?”

“Anarudia kwa ajili yako,” akasema wa Pili. “Mimi aliniangalia wakati anasema vizuri.”

“Alikuangalia kwa huruma.”

Kisha nikasikika kwa mbali nikiita “Sauti!”, na sauti ikaruka. Ilipotua, nilikuwa nasema tena vizuri sana. Ikaruka. Vizuri sana. Nilisogeza mbele, nikasogeza nyuma. Kuna maneno mtu hatakiwi kujisikia akiyasema kwa mfululizo.

Nilimwita binamu. Alikuja na kijitabu cha maelekezo cha kile kifaa, ambacho siku zote hizo kilikuwa mkobani mwake, bado kimo ndani ya nailoni. Tulikisoma kwa pamoja. Ukibonyeza mara ya kwanza, kifaa kinajiweka tayari: kitaa kinapepesa, vipimo vinachezacheza, na kila neno unalisikia masikioni kwa uzuri kabisa, ila hakuna kinachohifadhiwa. Ukibonyeza mara ya pili ndipo kinaanza kunasa, na kitaa kinatulia. Ukibonyeza tena kinasimama kusubiri, na kitaa kinapepesa. Kwa hiyo kila nilipoita “Sauti!” binamu alikizuia, na kila nilipoita “Kata!” alikiruhusu. Filamu ambayo haina kitu kingine isipokuwa maneno haikunaswa hata neno moja. Tulinasa mapumziko.

“Kijitabu kimeandikwa vibaya,” akasema binamu.

“Basi tutatumia sauti ya kamera,” nikasema, kwa kuwa kamera hunasa sauti yake yenyewe, mbaya, ya mbali, lakini inayotosha kumwonyesha mtu alisema nini. Ndipo tulipokutana na kile kiplagi. Kiplagi kikiwa tunduni, kamera huamini kwamba imeletewa maikrofoni bora, na kwa heshima huifunga ya kwake. Kamera yetu ilikuwa imeamini hivyo tangu iliponunuliwa. Mwenyewe alipoambiwa alinyamaza kidogo, kisha akasema sasa ameelewa kwa nini maharusi wote aliowapiga picha walimlalamikia.

Nikakumbuka ukimya. Angalau ukimya! Nikautafuta mwishoni kabisa. Mahali ulipotakiwa kuwa palikuwa na mruko mdogo, kisha mwenye kamera akapiga chafya na sisi wote tukamcheka. Hata ukimya tuliukosa.

Niliyasikiliza yote. Mtu akipewa saa nyingi za sauti za watu wasiojua kuwa wanasikika, asiyesikiliza ni malaika, na malaika hawatengenezi filamu.

Palikuwa na mwenye kamera akitafuta funguo zake. Hicho kipande peke yake kinazidi muswada wangu wote: kina mashaka, kina mtuhumiwa (mimi), kina mifuko inayopinduliwa mezani, na kina binamu akisema, “Tulieni, vitu hujitokeza vyenyewe,” kwa utulivu wa mtu ambaye habari za friji zimeshamtoka kichwani. Palikuwa na mimi kwenye simu nikisema, “Mama, siwezi kuongea, niko na wasanii wangu.” Hicho nilikifuta papo hapo, lakini binamu alikuwa na nakala.

Na palikuwa na wasanii wangu wenyewe, wakiusoma muswada.

“Hebu sikia hii,” alisema wa Kwanza, akiikaza sauti ya kwenye redio. “‘Rafiki yangu, wewe ambaye nimekufahamu tangu tukiwa watoto wa miaka saba, unakumbuka siku aliyofariki baba yako?’ Yaani mimi nisikumbuke siku aliyofariki baba yangu? Nani anamwambia mwenzake mambo anayoyajua?”

“Anamwambia mtazamaji.”

“Basi amwandikie barua.”

“Tulia, kuna ukurasa wa 41. ‘Urafiki wetu ni nanga.’”

“Ni nini?”

“Nanga. Unaniambia mimi. Halafu unanitazama machoni kwa muda mrefu, imeandikwa kwenye mabano.”

“Siku nikikuambia hivyo nipeleke hospitali.”

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kitini, nadhani ni wa Pili, na hapo nikasikika nikiwaambia watulie tuendelee na kazi. Tuliendelea na ukurasa wa 41. Naikumbuka ile nanga. Waliisema vizuri, kwa nyuso kavu, na midomo yao bado ninayo.

Kilichoniumiza zaidi ni chozi. Kabla ya tukio lile, kanda ilinasa mnong’ono chini ya meza.

“Tayari?”

“Tayari. Lakini kanyaga wa kushoto, huu wa kulia umekwisha.”

“Kwa kisigino?”

“Kisigino, na usikawie, ukikawia nacheka.”

“Sauti!” naita mimi. Mruko. Kisha mimi tena, sauti ikitetemeka, nikisema vizuri sana, na nyuma yangu wa Pili akivuta hewa kwa meno.

Binamu hakuona kama mambo yameharibika. “Hao wazee wako wa 1981,” akaniambia, “si walianza kwa kujirekodi wanavyoongea, ndipo wakaandika? Hatua ya kwanza nimekumalizia.”

“Hatua ya kwanza inakuja filamu ikiwa imeshapigwa?”

“Mpangilio ni kazi ya mwongozaji.”

Na ili kuthibitisha kuwa ameokota dhahabu, akaenda kuwasikilizisha waigizaji. Alichagua vipande vya kuchekesha tu, ila kanda huendelea yenyewe usipoisimamisha, na kuhusu kusimamisha vitu binamu ameshajulikana. Wa Pili akafika mahali ambapo wa Kwanza ananivuta pembeni na kuniambia, “Huyu mwenzangu anaigiza kama mlango. Usipomsukuma hafunguki.” Wa Kwanza akafika mahali ambapo wa Pili, kwenye pembe hiyohiyo ya chumba, ananiuliza kama kuna njia ya kistaarabu ya kumfunika mwenzake shingo. Walichukua makoti yao wakaondoka kila mmoja kwa mlango wake, ingawa nyumba ya binamu ina mlango mmoja. Wa Pili alipitia dirishani.

Miaka yote ile ya kuvaliana mashati, sasa walikuwa wanarudishiana mashati. Mimi ndiye niliyeyabeba.

Nikajaribu kuokoa kazi kwa njia ya filamu za kale, zile za kabla sauti haijafika sinema: picha, kisha kadi nyeusi yenye maneno meupe, kisha picha. Kwa mtu anayekimbizwa na treni kadi moja inatosha. Kwa watu wawili wanaobishana kurasa 96, kadi zilikuwa nyingi kuliko picha, na mtazamaji wangu wa majaribio aliniuliza kama kitabu hiki kinapatikana bila mwanga.

Ikabaki kutia sauti upya. Hii ni kazi halali, hufanywa hata katika filamu zenye fedha: mwigizaji anajitazama kwenye skrini na kusema tena maneno yake, yafuate midomo. Siri yake ni herufi chache tu. Kwenye m, b na p midomo lazima ifungwe, na mtazamaji akiona mdomo umefungwa huku sauti iko wazi, anashtuka. Koo likifanya mengine yote hakuna anayeliona. Lakini ni lazima kwanza ujue kilichosemwa, na wangu walikuwa wamejitungia. Isitoshe baba, papa na mama mdomoni ni kitu kimoja. Nilimwonyesha wa Kwanza uso wake mwenyewe, karibu, katika dakika muhimu kuliko zote. Alijitazama kwa makini, akarudisha nyuma, akajitazama tena.

“Hapa nadhani naomba maji,” akasema.

Lilikuwa tukio la kusameheana.

Studio ya asiye na kitu ni kabati la nguo. Nguo hunyonya mwangwi; ukijifungia humo na maikrofoni, sauti inatoka kavu na karibu, kana kwamba umelipa. Kabati langu linatosha mtu mmoja aliyejikunyata. Kwa kuwa waigizaji hawasemezani, nilimpa kila mmoja saa yake. Wote wawili walifika saa ya wa Kwanza. Wa Pili alisema hiyo ndiyo saa aliyoambiwa, na hata kama siyo, kwa nini kila siku aanze mwenzake? Wa Kwanza akasema yeye ndiye wa Kwanza, imeandikwa. Wa Pili akataja rula. Akaingia kabatini. Wa Kwanza akaingia akiwa amemshika mkono ili amtoe, binamu akaona waigizaji wameshaingia studio, akafunga mlango.

Mlango wa kabati lile hukwama. Nilikuwa nimewaambia wote, nadhani.

Kwa muda tulisikia vishindo na tundiko za nguo zikianguka. Kisha sauti zikashuka. Nilibandika sikio mlangoni, lakini zile nguo zilikuwa zinafanya kazi niliyozipa, sikuambulia kitu zaidi ya mvumo. Binamu ndiye aliyesikia. Alikuwa amepiga magoti chini, vipokea sauti masikioni, kifaa kifuani. Nikamtikisa bega, akaninyoshea kiganja ninyamaze. Mara akacheka. Mara akaacha kucheka na kutazama sakafu. Mara nikaona analengwalengwa na machozi, na hakuna aliyemkanyaga.

Nilikwenda kutafuta bisibisi taratibu sana. Niliichagua kati ya bisibisi zangu zote. Kila dakika waliyokaa humo ilikuwa filamu yangu inajitengeneza: marafiki wawili, chumba kimoja, wanafukua, wanagombana, wanasameheana, na safari hii bila mimi kuwaandikia.

Mlango ulipotoka, walitoka wamekumbatiana mabega, wakitweta, wa Pili amevaa koti langu. Niliwauliza wamesema nini. “Ni mambo yetu,” akajibu wa Kwanza. Wa Pili aliongeza kwamba hakuna hata neno moja linalonihusu, isipokuwa machache. Wakaenda zao, wakigombania nani atangulie kutoka mlangoni.

Nikamgeukia binamu. Hata kuongea nilishindwa, nikanyoosha kidole tu.

“Usiwe na wasiwasi,” akasema, akijifuta macho. “Nimebonyeza mara mbili, kama kijitabu kinavyosema.”

Nilitaka kumbusu.

“Kisha mara moja zaidi,” akasema, “kuhakikisha.”

Tukakitazama kifaa kwa pamoja. Kitaa kilikuwa kinapepesa.

“Lakini wewe umesikia! Niambie walisema nini, nitaandika.”

“Ah, kaka,” akasema binamu. “Yale yalikuwa faragha.”

Filamu ipo. Ina dakika 14, na karibu zote ni migongo, kwa kuwa mtu akikupa mgongo mdomo wake hauonekani na unaweza kumtilia maneno yoyote uliyonayo. Mimi nilikuwa nayo ya mapumziko. Kwa hiyo chumba ni kilekile, taa ni zilezile nilizozipanga kwa majonzi, na migongo miwili iliyoinama kwa uchungu inajadiliana kuhusu nanga, hospitali na nani aliangaliwa wakati wa kusema vizuri. Waliotazama wameisifu shingo ya wa Kwanza. Wa Pili anasema ni kwa sababu yake haionekani vizuri, na ametaka majina ya mwisho yapangwe upya, kushoto chini, kulia juu.

Juzi nimepigiwa simu na watu wanaotayarisha filamu yao. Ni ya bei ndogo, wanaongea mwanzo mpaka mwisho, na binamu amewaomba kazi ya sauti akawaambia waniulize mimi. Nikawaambia ukweli mtupu, kwamba sijawahi kufanya kazi na mtu anayesikiliza vizuri kuliko yeye.